Habari za Kuvu ya Mahindi na Ugonjwa wa Ini



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za ugonjwa wa ini, na hasa ile saratani ya ini, ambayo wengine huiita kansa. Ugonjwa huu si mgeni katika nyumba zetu, ila watu wengi hawautaji kwa jina lake. Mtu mwenye nguvu zake, pengine hajatimiza miaka 45, aanza kukonda. Chakula hakimpendezi tena. Ubavu wake wa kuume wauma na kuwa mgumu. Kisha tumbo lajaa maji na macho yawa manjano, na haipiti miezi mingi amekwisha kufa. Baada ya maziko wajomba hukaa faraghani wakiulizana ni nani aliyemfanyia hivi. Hapo jina la jirani hutajwa, au la mke wa ndugu, au la bibi kizee akaaye peke yake mlimani. Na jina likiisha kutajwa, ni vigumu kulirudisha. Sisi wachungaji na wainjilisti twayajua hayo. Mchana huitwa kuongoza maziko, na usiku mashauri mengine hufanywa bila sisi.

Kwa hiyo si jambo dogo kujua ugonjwa huu watoka wapi. Wataalamu wameuchunguza kwa zaidi ya miaka 60, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika Afrika ya Mashariki. Waliyoyapata yaweza kusemwa kwa maneno machache: katika nchi kama zetu, mara nyingi saratani hii huletwa na maadui wawili wanaokutana katika ini moja. Mmoja ni kirusi cha homa ya ini, na wa pili ni sumu ya kuvu iliyomo katika mahindi na karanga. Kila mmoja peke yake ni mbaya. Wakikutana, ubaya wao hauhesabiki kwa kujumlisha.

Tuanze na kuvu. Mwaka 1960 katika Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda wa miezi michache, wala wafugaji hawakujua sababu. Walipopasuliwa, maini yao yalionekana yameharibika, na chanzo kikapatikana katika chakula chao, kilichofanyizwa kwa karanga zilizotoka Brazili. Karanga zile zilikuwa zimeota kuvu ya kijani chenye umanjano, ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus. Na kwa jina hilo wakaiita sumu yake aflatoksini. Maofisa wa kilimo katika nchi yetu hutumia neno sumukuvu, wakijumlisha na sumu nyingine za namna hiyo, nalo ni neno zuri, litupasa tulizoee. Baadaye panya waliolishwa sumu hii kidogo kidogo walipata saratani ya ini. Ndipo watu wakauliza: Je, sisi wanadamu tulao mahindi na karanga siku zote?

Swali hilo lilianza kujibiwa kwa majirani zetu. Katika miaka ya 1966 na 1967 wachunguzi walikusanya Uganda vielelezo 480 vya vyakula kutoka wilaya mbalimbali, na karibu vitatu katika kila kumi vilikuwa na aflatoksini. Palipokuwa na sumu nyingi, kama Karamoja, ndipo saratani ya ini ilipokuwa nyingi. Kisha mwaka 1973 Peers na Linsell walitoa habari za kazi yao katika Murang'a, nchi ya Kenya. Hawa walipima chakula chenyewe kilichokwisha kupikwa, kile kilichokuwa tayari kuliwa jioni ile. Murang'a ni nchi ya mteremko; yaanzia juu katika milima ya Aberdare na kushuka mpaka nchi ya joto. Wakaigawa sehemu tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Nao wakaona kwamba kadiri watu walivyokaa chini ndivyo walivyokula sumu zaidi, na ndivyo saratani ya ini ilivyozidi kuonekana kwao.

Msomaji wa Morogoro atatambua mara moja kwa nini twaitaja Murang'a. Nasi twaishi katika nchi ya mteremko. Mji wa Morogoro uko karibu meta 500 juu ya bahari, na vilele vya Uluguru vyapita meta 2,600. Kuvu ile yapenda joto, tena hupata nguvu mhindi unapodhikika kwa ukame shambani, au unapotobolewa na wadudu. Kwa hiyo watu wa bonde la Mkata na wa upande wa Ngerengere wasidhani kwamba jua kali la kwao ni kinga ya kutosha: jua hukausha mahindi baada ya kuvunwa, lakini kuvu yaweza kuwa imekwisha kuingia yakiwa bado shambani. Watu wa upande wa mashariki wa mlima, wa Kinole na Matombo, wana shida nyingine. Mvua yao hainyamazi hata kiangazi, na mahindi hayakauki. Penye ubaridi na unyevu kuna kuvu za jamaa nyingine, zenye sumu iitwayo fumonisini, nayo tutaikuta tena tutakaposema habari za watoto. Basi wa juu wasiwacheke wa chini, wala wa chini wasiwacheke wa juu.

Adui wa pili ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kiligunduliwa na mtaalamu wa Marekani, Baruch Blumberg, ambaye mwaka 1965 alitoa habari za alama yake katika damu, na mwaka 1976 akapewa tuzo ya Nobel. Kirusi hiki hupita kwa damu na maji ya mwili: kutoka kwa mama hata kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kati ya watoto wadogo wachezao pamoja na kuumizana, kwa wembe mmoja uliochanja chale watu wengi, kwa sindano isiyo safi, na kwa tendo la ndoa. Tena ajabu yake ni hii: mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili wake hukishinda na kukifukuza, lakini mtoto mchanga akikipata wakati wa kuzaliwa, watoto kama tisa katika kumi hubaki nacho. Kinga yake bado haijajifunza kumjua adui, basi hukaa naye nyumbani kama jamaa. Huyo hukua, huoa, hulima, wala hasikii maumivu, na ini lake laumia polepole muda wa miaka 30 au 40.

Sasa tazameni wanavyokutana. Katika mji wa Shanghai, Uchina, wanaume zaidi ya 18,000 walipimwa na kufuatwa miaka kadhaa. Wale walioonekana kuwa na alama za aflatoksini, lakini hawana kirusi, walikuwa katika hatari ya saratani ya ini mara 3 na zaidi kuliko wasio na chochote. Waliokuwa na kirusi bila sumu, mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1994, nasi twaona kwamba hakuna hesabu nyingine katika habari hizi inayostahili kukumbukwa kuliko hiyo.

Na sumu hufanyaje kazi? Ikiliwa, huenda kwenye ini, maana ini ndilo lisafishalo yaingiayo tumboni. Ini hujaribu kuigeuza ili itoke, na katika kuigeuza hutokea kitu kikali kuliko sumu yenyewe, kinachoshikamana na ile asili ya chembe za mwili, yenye maagizo ya namna ya kukua na ya kukoma kukua. Katika maagizo hayo kuna moja ambalo wataalamu huliita p53, nalo ni kama mlinzi wa zamu: chembe ikiharibika, mlinzi huizuia isizae. Mwaka 1991 wachunguzi waliopima saratani za watu wa Qidong, Uchina, na za watu wa kusini mwa Afrika, waliona kwamba katika nyingi maagizo ya mlinzi huyu yameharibiwa mahali pale pale pamoja. Ni kama mwizi aliyeacha unyayo wake mlangoni. Na kirusi, kwa upande wake, kwa kuliumiza ini mara kwa mara, hulilazimisha kuzaa chembe mpya siku zote. Na penye kuzaa kwingi, kosa moja lapata nafasi ya kuenea. Basi, ndugu, wajomba wakiuliza ni nani, jibu limeandikwa katika ini la marehemu mwenyewe, wala halina jina la bibi kizee.

Huo ni ugonjwa wa polepole. Upo na wa haraka, sumu inapoliwa nyingi kwa siku chache. Mwaka 2004 katika Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, kwa mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Na walipopimwa, wenye kirusi cha homa ya ini walionekana zaidi miongoni mwa waliougua kuliko miongoni mwa majirani zao wazima. Hata kwetu jambo hili limefika. Mwaka 2016, kati ya Mei na Novemba, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote miwili yapakana na Morogoro, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Mwanzoni ulitajwa kuwa ni ugonjwa usiojulikana. Twaweza kufikiri yaliyosemwa vijijini katika majuma yale, kabla mahindi hayajapimwa.

Habari za watoto ni nzito, tena hazijaisha kuchunguzwa. Katika Gambia watoto waliokuwa na aflatoksini katika damu walionekana kuwa na upungufu wa kinga ile iliyomo katika mate, ambayo huwazuia adui wa mdomoni na tumboni. Katika nchi yetu watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro walifuatwa, na wengi wao walikutwa na sumu hii mwilini. Ila kudumaa kwao kulifuatana zaidi na ile fumonisini tuliyoitaja. Hivyo mtu asiseme kwamba kila mtoto mfupi amelishwa kuvu. Yapo maradhi ya kuhara, na upungufu wa chakula chenyewe, na mengine. Lakini mama afanyaye unga wa lishe kwa mahindi na karanga, akidhani amempa mtoto chakula bora, na kumbe karanga zile ni zile zilizokataliwa sokoni, huyo ampa mwanawe sumu kutoka pande mbili katika bakuli moja. Wala asiache kumnyonyesha kwa kuogopa. Ni kweli kwamba sumu kidogo hupita katika maziwa ya mama, lakini ni kidogo sana kuliko iliyomo katika uji mbaya.

Na moto hausaidii. Wengi husema, Tutaupika sana. Ugali hauwezi kufika joto la kuiharibu aflatoksini, wala kuchacha kwa pombe hakuiondoi. Kwa hiyo desturi ya kupeleka mahindi yaliyooza kwa wapika pombe ni kuihamisha sumu kutoka nyumba hata nyumba. Kuku nao hufa, na ng'ombe huirudisha katika maziwa. Kukoboa hupunguza, maana sumu nyingi hukaa katika kiini na ganda. Ila pamoja na pumba huondoka nguvu nyingi za chakula, ndiyo sababu waganga husifu dona. Sisi twaona hivi: mahindi safi, yaliyochaguliwa, yaliwe dona, yenye mashaka yakobolewe, na pumba zake wasipewe wanyama.

Kipimo kilichowekwa katika Afrika ya Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja ya mahindi, zisizidi. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu moja tu, kama punje chache za chumvi. Hakuna jicho liwezalo kuiona, na mahindi meupe yaweza kuwa nayo. Hata hivyo sumu haienei sawasawa katika gunia. Punje chache zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi au nyepesi huwa zimebeba sehemu kubwa, na hapa ndipo mkono wa mwanadamu wapata kazi. Katika Guinea, Afrika ya Magharibi, vijiji 20 vilichukuliwa. Katika 10 wakulima walifundishwa kuchagua karanga kwa mikono, kuzianika juu ya mikeka badala ya udongo, kuzitia katika magunia ya katani na kuyaweka juu ya mbao. Hakuna mashine iliyoletwa. Baada ya miezi mitano kupita tangu mavuno, sumu katika damu ya watu wa vijiji vile ilikuwa chini ya nusu ya waliyokuwa nayo wenzao.

Ushindi juu ya kirusi ni mkubwa zaidi. Taiwani ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na kabla ya miaka 15 kupita saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hata 14 ilikuwa imepungua karibu nusu. Tanzania imeitia chanjo hii katika chanjo za watoto tangu mwaka 2002, pamoja na ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, nayo hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Mama asiyemaliza zile mara tatu amempa mtoto ukuta usio na mlango. Nasi tuliozaliwa kabla ya mwaka huo hatukuipata utotoni. Basi yatupasa kwenda kupimwa: asiye nacho aulize habari za chanjo, na aliye nacho asikate tamaa, maana ziko dawa za kukizuia, ijapokuwa hazikiondoi kabisa. Wala asitengwe. Kirusi hiki hakiambukizwi kwa kula sahani moja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kunywea kikombe kimoja. Jambo hili wazee wa kanisa walijue, maana swali la kikombe huulizwa.

Yabaki maneno juu ya mahindi yenyewe. Yavunwe yakiisha kukomaa, yasiachwe shambani kunyeshewa. Magunzi yasitupwe chini, maana kuvu hukaa katika udongo. Yaanikwe juu ya mkeka au turubai, au juu ya kichanja. Wa Kinole na Matombo, wasioweza kulitegemea jua, wasione haya kwa dari ya wazee iliyo juu ya moto: moshi hauondoi sumu, lakini joto lake hukausha, na mahindi makavu hayaoti kuvu. Ukitaka kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko, utie chumvi kavu kidogo na mahindi kiasi cha konzi moja au mbili, uitikise sana, kisha uiache itulie kidogo. Chumvi ikishika kuta za chupa, mahindi yana unyevu bado; yarudishe juani. Isiposhika, yatie katika magunia, uyaweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Ipo pia mifuko isiyopitisha hewa, na vihenge vya chuma, kwa wenye uwezo. Na iko dawa ya shambani iitwayo Aflasafe, iliyofanyizwa kwa kuvu ya jamaa ile ile lakini isiyo na sumu, ambayo huishika nafasi ya ile mbaya. Bwana shamba aweza kueleza zaidi.

Mtu ataulizwa nyumbani kwake: Nina gunia moja tu, nawe waniambia nitupe? Swali hili si la kujibiwa kwa ukali. Njaa ni ya leo, na saratani ni ya miaka 30 ijayo, na aliye na watoto wanaolia huitazama leo. Lakini hatumwambii atupe gunia. Twamwambia alimwage juu ya mkeka na kuchagua. Atakachotoa huwa ni kidogo, na kitakachobaki ni chakula. Ikiwa gunia zima limeota kuvu na kunuka, hapo hakuna cha kuchagua, na usharika usimwache peke yake na gunia hilo.

Na kwa kuwa mavuno ya masika yakaribia, twawaomba wazee wa kila mtaa jambo moja juu ya sadaka ya mavuno. Mahindi na karanga zinazoletwa kanisani hugawiwa wajane na wagonjwa, nao hawana nguvu ya kukataa wanachopewa. Basi yasipimwe yakiwa magunia yaliyofungwa. Yamwagwe juu ya turubai penye mwanga, vijana wa kipaimara na akina mama wayachague, zilizooza zifukiwe shimoni mbali na kuku, ndipo yapimwe na kuandikwa.